Anti, Nataka Kusoma Riwaya za Mapenzi ya Kale kwa Sauti

Toleo lililopita niliteleza nikasema kwamba nikitoka hapa ofisini jioni kazi yangu ya pili ni kusoma vitabu vya kusikiliza, hasa riwaya za mapenzi za kihistoria, zile za magari ya farasi na mabinti wanaozimia. Basi simu haijapumzika. Nimechagua barua saba, nyingine zilikuwa zinauliza kama nimeolewa.

Shikamoo Anti. Nimetangaza redio miaka 11, mwaka jana wakanipunguza. Kila mtu ananiambia nina sauti nzito nzuri. Nataka niwe msimulizi wa vitabu vya sauti, hasa hizo za mapenzi ya zamani. Ninunue maiki gani? – Sauti Nzito, Tanga

Marahaba mwanangu, pole na kazi. Maiki baadaye. Leo jifungie chumbani, chukua riwaya yoyote, soma kwa sauti dakika 45 bila kunyanyuka, kesho tena, keshokutwa tena. Siku ya tatu ulimi utaanza kujikwaa kwenye maneno uliyoyajua toka chekechea, tumbo linanguruma, unataka kukohoa, unamchukia mwandishi. Ukifika Jumapili bado unataka kuendelea, niandikie tena tuongee habari ya maiki. Watu wanadhani hii kazi ni ya koo, kumbe ni ya makalio na masikio.

Kwa hesabu za wenye biashara hiyo ya Kiingereza, saa moja ya kitabu kilichokamilika inameza maneno kama 9,300, kwa hiyo riwaya ya maneno elfu 90 inakaribia masaa 10. Kiswahili usitumie hesabu hiyo, maneno yetu ni marefu, "hatukuwahi kukutana" sisi ni maneno mawili tu. Soma kurasa kumi na saa mkononi upate kipimo chako. Na ujue saa moja iliyokamilika mimi hunila masaa sita, kuanzia kujiandaa, kurekodi, kuediti, kusikiliza tena na kurudia nilipoboronga.

Redio itakusaidia kwenye pumzi ila itakuponza kwenye mengine yote. Redioni unaongea na mji mzima. Kitabu unamsimulia mtu mmoja, ana hedifoni masikioni, anaosha vyombo au kabanwa kwenye daladala, na wewe uko ndani kabisa ya sikio lake, sasa ukimjia na ile sauti ya "mpenzi msikilizaji" atakuzima kabla Duke, yule bwana mkubwa wa kitabu, hajashuka kwenye farasi. Mimi nilibandika picha ya marehemu dada yangu ukutani nyuma ya maiki. Namsimulia yeye. Alikuwa hapendi mtu anayejisikia.

Haya, maiki. Ya USB ya bei ya kawaida inatosha, chumba ndo kila kitu. Studio yangu ni kabati la nguo la ukutani, magodoro mawili ya sponji yamesimamishwa pembeni, mablanketi ya mtumba juu, nguo zenyewe usizitoe maana ndo zinazokula mwangwi. Feni unazima. Yaani Dar, mwezi wa pili, mlango umefungwa, umejifunga kanga moja, jasho linatiririka mpaka kwenye nyusi, na unasoma habari ya theluji inayodondoka taratibu kwenye dirisha la kasri. Hapo ndo utajua kama ni msimulizi au ni mtu mwenye sauti nzuri.

Friji nayo. Mwaka wa kwanza nilirekodi sura tatu nzima, nikaja kusikiliza kuna kitu kinanguruma chini chini kama paka, kumbe friji ya sebuleni, sikio langu lilishaizoea likawa haliisikii. Sura tatu zote nikarudia. Siku hizi nachomoa plagi na funguo za nyumba naziweka ndani ya friji, siwezi kutoka bila kuzitafuta, na nikizitafuta ndo nakumbuka kuichomeka.

Programu tumia Audacity, ni bure, na tangu 2018 ina ule utaratibu wa kwamba ukikosea inakurudisha nyuma sekunde chache, unasikia sentensi yako iliyopita halafu unaingilia palepale kwa mwendo uleule. Jifunze hilo kabla ya jambo lolote. Afu nenda LibriVox, wapo tangu 2005, watu wa kujitolea wanasoma vitabu ambavyo hakimiliki imekwisha, hawajali uko nchi gani, wanaanza kwa kukupa jaribio la dakika moja tu waangalie usafi wa sauti. Hailipi hata senti. Ila sura nne tano za huko zitakufundisha aibu zote mapema, kabla hujachukua hela ya mtu.

Anti, miye ni mwanamke na sauti yangu nyembamba. Nikisoma maneno ya mwanamume nasikika kama mtoto amuigaye babake. Mdogo wangu alicheka hadi akalala sakafuni. – Kinanda, Mombasa

Mdogo wako mpe pole, kila mmoja wetu amechekwa. Kosa ni kwamba unaishusha sauti kifuani kwa nguvu, na ukifanya hivyo ukurasa wa ishirini koo limekauka na Duke anasikika ana mafua. Chukua mfano huu, nimeutunga sasa hivi:

"Umechelewa," Duke alisema bila kugeuka.
"Lakini nimekuja," mwalimu akajibu.

Sauti yako iache palepale ilipo. Punguza mwendo, kata tabasamu (tabasamu linasikika jamani, jaribu, sema "umechelewa" ukiwa umetabasamu na useme tena ukiwa umenuna), na neno limalizie kavu, usilivute. Sasa tazama yale maneno "bila kugeuka". Huyu mtu anaongea na dirisha. Basi na wewe geuza uso kidogo pembeni ya maiki ukitamka neno lake, halafu ukifika kwa mwalimu rudi mbele. Msikilizaji hatajua ulichofanya ila atamwona mgongo wake.

Halafu kabla ya "lakini nimekuja" nyamaza. Sio sana, pumzi moja tu. Mapenzi yote ya ukurasa huo yako kwenye hiyo pumzi, maneno yenyewe hayana kitu, mtu anasema amekuja, basi. Ukiyasoma haraka umeua kitabu, na ukiyasoma kwa kuremba umekuwa tamthilia ya saa tatu usiku. Na yale "alisema" na "akajibu" yapite kama vile hayapo.

Jambo lingine, soma kitabu chote kabla ya kurekodi neno la kwanza. Mimi niliwahi kujifanya mjuaji, nikaanza kurekodi huku nasoma, nimefika ukurasa wa 212 mwandishi ananiambia yule nahodha ana lafudhi nzito ya Kiskoti. Alikuwa ameshaongea sura kumi na nne kama mtu wa London! Siku hizi kila mhusika namrekodia kisampuli cha sekunde kumi kwenye faili lake, maana mtumishi wa mlangoni anatokea sura ya pili, anapotea, anarudi sura ya 31 kuleta barua na wewe umeshasahau alikuwa anaongeaje.

Anti habari za huko. Niko Uingereza mwaka wa sita, Kiingereza changu kina lafudhi ya Moshi na sijifichi. Naona waandishi wa riwaya za Regency, zile za Uingereza ya miaka ya 1810, wanatafuta wasimulizi, wengine hawatoi hela wanasema tutagawana mauzo. Nikubali? – Mmachame wa Leicester

Nzuri mdogo wangu. Wewe una bahati, unakaa kwenye mji wenye herufi tisa unaotamkwa "Lesta", kwa hiyo somo la kwanza umeshalipita. Riwaya hizi zimejaa mitego hiyo. Beauchamp ni "Bichamu", Cholmondeley ni "Chamli", na ile kasri ya Belvoir hapo mkoani kwako ni "Biva". Viscount ile s imekufa, haisikiki. Usikisie hata neno moja, msikilizaji wa vitabu hivi amesikiliza mia mbili kabla ya chako na akikukamata atakuandika.

Vyeo vilevile. Duke anaitwa "Your Grace", hao wa chini yake, Marquess mpaka Baron, ni "my lord", na mwenye "Sir" linafuata jina lake mwenyewe, sio la ukoo. Mwandishi akikosea mwambie kwa adabu kabla hujarekodi, wengine watakushukuru, wengine watanuna, rekodi tu.

Na ujue hizo enzi zenyewe. Regency ni 1811 mpaka 1820, mfalme George III akili imemruka, mwanawe anatawala kwa niaba yake, na London imejaa kina mama wanaowatafutia mabinti zao waume. Kulikuwa na ukumbi unaitwa Almack's mtaa wa King Street, Jumatano usiku, na huingii kwa hela, unaingia kwa kibali cha wale mabibi wakubwa wenye orodha yao, ukinyimwa kibali habari yako ya ndoa imeingia mchanga. Halafu kuna Gretna Green. Sheria ya ndoa ya 1753 ilisema Uingereza mtu wa chini ya miaka 21 haolewi kwa kibali cha kanisa bila ridhaa ya mzazi, lakini sheria hiyo haikuvuka mpaka kuingia Uskoti, na Gretna Green ni kijiji cha kwanzakwanza ukivuka. Sasa wewe kwenye kitabu unakutana na sentensi, "gari likageuka likashika njia ya kaskazini." Usipojua hayo utaisoma kama ratiba ya basi la Arusha. Ukijua, unajua kwamba binti kaamua, baba yake kapoteza, na pengine yeye na watu wake wako masaa mawili nyuma na farasi wapya.

Lafudhi yako, nikwambie ukweli, kwenye hizi Regency wengi wanataka Kiingereza cha BBC ya zamani na kazi kadhaa utazikosa kwa hilo. Usijilazimishe, lafudhi ya kuigiza inachoka saa ya pili na kufika saa ya sita umerudi Machame. Ila tafuta waandishi wanaoandika watu weusi wa enzi hizo, wapo, na sio uzushi, London ile ilikuwa na watu weusi. Dido Elizabeth Belle, mama yake alikuwa mtumwa, amelelewa nyumba ya Kenwood hapo London kwa jaji mkuu Lord Mansfield na ni karne ya 18. Huko sauti yako ni mali.

Hela. Kwa kuwa unakaa Uingereza unaweza kujiandikisha ACX, ile tovuti ya Amazon inayokutanisha wenye vitabu na wasimulizi, inapokea wakazi wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ireland tu, sisi wa huku tunaishia kuchungulia. Malipo ni ya namna mbili. Ya kwanza unalipwa kwa saa iliyokamilika, sio saa uliyofanya kazi. Tuseme mmekubaliana dola 100, kitabu cha masaa 10 ni dola 1,000, inasikika tamu, lakini kama umefanya kazi masaa 60 gawanya mwenyewe uone, ni kumi na sita na chenji. Ya pili ni hiyo ya kugawana mrabaha nusu kwa nusu na mwenye kitabu, umefungwa nayo miaka 7. Kabla hujakubali angalia vitabu vyake vingine vina wasomaji au vina maoni matatu na mawili ni ya shangazi zake. Mimi ningekubali mara moja tu, kwa ajili ya kupata kitu cha kuonyesha, na kiwe kifupi.

Kwenye mkataba hakikisha dakika 15 za mwanzo zinapitishwa kwa maandishi kabla hujaendelea. Kuna mchapishaji mmoja wa nje nilimpelekea kitabu kizima, akaniambia binti wa kitabu "hana ulaini wa kutosha", nirudie sura 11. Mkataba haukusema kitu, nikarudia bure, nalia na kusoma. Hizo sura zilitoka nzuri kweli, hilo ndo linaloniuma.

Vipimo vya sauti vya ACX wala usibishane navyo, kompyuta ndo inayokataa: wastani wa sauti uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisivuke -3, ukimya wa chumba usizidi -60. Hiyo -60 ndo itakayokufukuza kwenye chumba kinachotazama barabara.

Anti mambo, mimi ni ticha wa CRE, somo la dini ya Kikristo, hapa Nakuru na naimba kwa kwaya. Nilipewa riwaya nisome, iko sawa mpaka chapta ya 19. Hiyo chapta Anti siwezi hata kukuandikia. Mzazi wa mwanafunzi akisikia nimeisha. – Naona Aibu

Ticha, poa. Kwanza jina. Wasimulizi wengi wa riwaya za moto wana jina la pili la kazi, sio uongo huo, mkataba na hela vinabaki kwa jina lako halisi, jina la juu ya kitabu ndo linabadilika. Lakini jina halifichi sauti, na kama kwaya yako inakujua wewe kwa sauti, hapo hakuna pa kujificha. Kwa hiyo jiulize, ni aibu ya watu au ni wewe mwenyewe hutaki? Kama hutaki, kataa kitabu leo kabla hujasaini, na siku zijazo uliza swali moja mwanzoni, mlango unafungwa au haufungwi? Riwaya nyingi za kihistoria mlango unafungwa, wanabusiana, mshumaa unazimwa, sura inayofuata ni kifungua kinywa. Hizo soma zote.

Kama aibu ni ya watu tu na unataka kuisoma, basi isome kawaida kama sura ya 18. Usihemehe. Watu wanahema weee, mpaka msikilizaji anaogopa kwamba msimulizi ana pumu.

Anti, AI si itatumaliza? – Mwanza

Itakula baadhi, na imeanza na mapenzi. Januari 2023 Apple walitoa sauti zao za kompyuta za kusoma vitabu vya Kiingereza na riwaya za mapenzi zilikuwa kwenye kundi la kwanza. Mimi nimezisikiliza. Zinasoma vizuri, hazikosei, na ile pumzi kabla ya "lakini nimekuja" zinaiweka mahali popote. Cha kufanya leo ni kusoma mkataba mpaka chini, ukiona sehemu inayosema rekodi zako zinaweza kutumika "kutengeneza sauti" au "kwa teknolojia yoyote itakayobuniwa", ikate kwa kalamu na urudishe. Wakikataa, umeshajua walichokuwa wananunua.

Anti assalaam alaykum. Hivi kwa nini tuhangaike na ma-Duke wa Uingereza wakati ya kwetu yapo? – Mkaazi wa Unguja

Waalaykum salaam. Hapo umenigusa. Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, kazaliwa kasri ya Bet il Mtoni mwaka 1844, akaja kukaa mjini nyumba yake inatazamana na ya Mjerumani mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete, wanaonana kwa juu huko. Akabeba mimba. Agosti 1866 akatoroshwa usiku na manowari ya Kiingereza, Highflyer, mpaka Aden, huko akajifungua, 1867 akabatizwa na kuolewa, wakahamia Hamburg, na 1870 mume akagongwa na tramu akafa. Kabaki na watoto watatu kwenye baridi ya watu. Kuna mwandishi wa Regency angethubutu kuandika hivyo?

Na aliandika mwenyewe, kwa Kijerumani, kitabu kilitoka 1886, amefariki 1924, kwa hiyo maandishi yake ya asili na tafsiri ya Kiingereza ya 1888 hazina mwenyewe sasa, soma utakavyo. Angalizo ni kwamba tafsiri mpya, ikiwemo ya Kiswahili, ni mali ya aliyetafsiri, huwezi kuichukua tu ukairekodi ukaweka YouTube. Na hili nawaambia na nyie wa simulizi za WhatsApp mnaochukua hadithi ya mtu sura kwa sura mnaisoma, mnaweka muziki wa piano, hela mnakula nyie. Muombeni mwandishi ruhusa kwa maandishi, hata ujumbe mmoja wa simu wenye tarehe, ofisi za hakimiliki zipo, Tanzania COSOTA na Kenya KECOBO, na sheria zao zinamjua mwandishi, nanyi pia mkiwa wasomaji wa halali zinawajua.

Ukimsoma Salme, tafadhali, usilie kwa niaba yake. Yeye mwenyewe kwenye kitabu sehemu ya mapenzi kaipitia haraka haraka, kurasa chache tu, marikiti na chakula na nguo kaeleza mno. Mwache apite haraka. Msikilizaji ataona alichoruka.

Anti, nimefanya yote, kabati, godoro, blanketi, kunguru nimewazoea nasubiri wanyamaze. Shida ni jogoo wa jirani. Anawika saa yoyote. Nifanyeje? – Mbagala

Jogoo sina dawa yake. Wa kwangu nilimvumilia miezi minne, nikajaribu kurekodi saa nane usiku, naye akabadilisha ratiba. Mwisho nikamfuata jirani na hela mkononi nikamnunua, Jumapili tukamla na wali wa nazi, jirani mwenyewe nikamkaribisha. Wiki mbili nilirekodi kwa raha ambayo sijawahi kuipata. Afu zile hela nilizompa akaenda nazo sokoni, karudi na wawili.